Siku Moshi wa Mashine Ulipotakata

Wanawake wa kambini walikuwa wakinitania kwamba nina mke mwenza, na mke mwenza wangu ni wa chuma. Sikukasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Mume wangu aliamka kabla yangu akaenda kuigusa, kuifuta, kuinusa, na akirudi kunywa uji sikio lake lilibaki kule kule. Ilikuwa mashine ya dizeli ya boti. Ilivusha watu na magunia ya dagaa ziwani miaka mingi, mpaka boti lenyewe likaoza ufukweni upande wa Nungwe. Mwenye duara akainunua, ikakokotwa kwa trekta mpaka porini Geita, ikafungwa juu ya magogo, ikaunganishwa kwa mkanda na pampu ya maji. Mashine iliyozoea kuelea juu ya maji, kazi yake sasa ikawa kuyavuta maji kutoka chini ya ardhi ili watu wasizame.

Duara ndilo shimo la dhahabu. Linakwenda chini wima, limezuiwa kwa miti ili udongo usianguke, halafu huko chini linapinda na kufuata mwamba unakokwenda. La kwetu lilikuwa na maji kuliko yote ya bonde lile. Mashine ikinguruma, wachimbaji walifanya kazi kwenye tope la kufika kifundoni. Mashine ikisimama, maji hayakungoja mtu amalize sentensi.

Na mle ndani alikuwamo mdogo wangu wa kiume, kitinda mimba wa mama yetu.

Mama alikuwa amebaki nyumbani kwetu Mhunze, mgonjwa wa miguu, na hakutaka kabisa mwanawe aende machimboni. Alimruhusu kwa sababu moja tu, kwamba mimi na mume wangu tunakwenda huko huko. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine kwenye kinu cha kuchambulia pamba pale Shinyanga, kinu kikasimama, tukakaa tunatazamana. Kazi ya kuchunga mashine ya boti ilipopatikana, na mimi nikapewa kazi ya kuwapikia wachimbaji, tukafunga virago. Mama alinishika kiganja akaniambia maneno machache kwa Kisukuma, ambayo kwa Kiswahili ni haya: huyu namwacha kwako, usije ukaniletea habari, niletee mtu. Nikamjibu, ndiyo, mayo, yaani mama. Tangu siku hiyo sikuwahi kulala usingizi wa kushiba.

Jikoni kwangu palikuwa umbali wa kuitana. Kati yangu na duara walilaza gogo, na mwanamke alikuwa haruhusiwi kulivuka. Walisema dhahabu inakimbia ikimwona mwanamke. Nikawauliza, mbona hizi hereni hazikimbii masikio yangu? Wakacheka sana, mpaka mmoja akashika tumbo, lakini gogo halikuondolewa. Basi nikawa nachunga kwa masikio. Mashine ilikuwa upande wao wa gogo, ila sauti yake hakuna aliyeizuia kuvuka. Nikisonga ugali nasikiliza. Nikichambua maharage nasikiliza. Watu walinisemesha nikajibu lisilohusika, wakasema mke wa fundi ana majivuno. Majivuno gani, jamani? Roho yangu ilikuwa shimoni.

Kisha zikaja zile mvua za El Nino. Kila mwenye umri wangu anazikumbuka. Barabara ya kwenda Shinyanga ikakatika sehemu chungu nzima, malori yakalala kwenye tope na mizigo yake, na dizeli ikawa haionekani. Mwenye duara, mtu wa maneno matamu ambaye alikuita ndugu hata akiwa anakudanganya, akapotea siku kadhaa. Aliporudi alikuwa juu ya trekta na mapipa ya mafuta. Watu wakampokea kwa vigelegele.

Mume wangu alifungua pipa, akachovya vidole, akavisugua. Mimi nilikuwa nimesimama huku kwenye gogo, namtazama. Dizeli tuliyoizoea ilikuwa ya rangi ya chai ya rangi, nzito kidogo, ukiishika inateleza, na ina ule uvundo wa mayai viza ambao haukutoka kwenye nguo zake hata nifue vipi. Haya mafuta mapya yalikuwa meupe kama maji. Akanusa, akanikata jicho. Baadaye aliniletea kitambaa alichofutia mikono, na mimi nikanusa: koroboi tupu. Mafuta ya taa yalikuwa yamemiminwa mle, tena siyo kidogo. Siku hizi watu wana neno lake, wanasema kuchakachua. Wakati ule hatukuwa na neno, tulikuwa na mapipa tu.

Sasa sikiliza jambo la ajabu. Watu walifurahi! Mashine ile siku zote ilitema moshi mweusi, masizi yakatua kwenye sufuria zangu, kwenye nguo zilizoanikwa, kwenye pua za watu. Kwa mafuta mapya moshi ukatakata. Ukawa mwembamba, hata kuuona ilibidi ukodoe macho. Mwenye duara akapita akijipigapiga kifua: “Mnaona? Mashine imepona! Ilikuwa inataka chakula kisafi tu.” Wachimbaji wakasema tangu moshi utakate hata kifua kinapumua vizuri. Mimi mwenyewe nilianika shuka nyeupe nikaianua nyeupe, na nikaimba. Tangu tufike pale hakuna aliyekuwa ameniona nikiimba.

Mume wangu peke yake hakuimba. Nikamwuliza, baba, una nini? Akachukua kijiti akanichorea kwenye majivu. Ndani ya mashine ya dizeli, akasema, kuna pampu ndogo inayosukuma mafuta kwenye nozeli, vile vitundu vinavyoyarusha ndani yachomeke. Mle ndani vyuma vinasuguana usiku na mchana, na hakuna oili inayofika. Kinachovilainisha ni dizeli yenyewe. Ikiwa nzito, vinateleza. Ukitia haya mafuta makavu, ni sawa na mtu anayekaanga chapati bila mafuta. Moshi utakuwa msafi, ndiyo, lakini chuma kinakula chuma. Nikamwuliza, kikishakula? Akafuta mchoro kwa kisigino.

Miaka mingi baadaye, tumeshazeeka, alikuja nyumbani kwetu fundi mmoja wa meli, jamaa wa mume wangu. Akatueleza kwamba meli kubwa za baharini sasa zinalazimishwa kuchoma mafuta yaliyopunguzwa salfa, ili moshi wake usichafue hewa. Mafundi wa meli hizo wanakaa roho juu siku ya kubadilisha mafuta, kwa sababu yale mapya ni mepesi, pampu zinakwaruzana, zinavuja, na mashine ikiwa ya moto inaweza kugoma kuwaka. Wanayatilia dawa ya kulainisha. Mume wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Mimi sikucheka. Nilitoka nje nikajifanya nafukuza kuku.

Maana ndivyo ilivyotuanzia. Kwanza mlio ukabadilika. Ule mngurumo wa kushiba ukaingia kijigongo kikavu, ka ka ka, kama mtu anayegonga kikombe kwa kijiko. Halafu nguvu ikapungua, tope la huko chini likapanda kutoka kifundoni mpaka katikati ya muundi. Halafu likaja lile baya zaidi. Asubuhi mashine ikiwa baridi iliwaka vizuri. Ikishapata moto, ukiizima, haikuwaka tena mpaka ipoe. Mume wangu aligundua hilo siku moja watu wakiwa wametoka kula. Alitaka kubana mkanda, akaizima, na ikamchukua muda, mpaka chakula kikapoa na watu wakasinzia ndipo ikakubali. Maji yalikuwa yameshafika pale ambapo mdogo wangu alikuwa ameacha nyundo yake.

Akamwendea mwenye duara. Niliwasikia wote wawili, kwa sababu mume wangu akiwa na hofu husema kwa sauti.

“Mzee, tuwatoe watu mpaka ipatikane dizeli ya kweli. Ikizima na watu wako chini, sitaweza kuiwasha.”

“Ndugu yangu, wewe ni fundi au ni mganga? Mbona unatabiri?”

“Sitabiri. Naisikia.”

“Sasa si isizime basi! Kazi yako ni nini hapa?”

Na wachimbaji wenyewe hawakutaka kutoka. Walikuwa wamelipata jiwe. Mtu ambaye hajakaa machimboni hawezi kujua neno hilo linafanya nini kwenye kichwa cha mtu. Wamechimba tope miezi, wanakula maharage, halafu siku moja mwamba unaonyesha mng'ao. Ukimwambia mtu huyo atoke, ni bora umwambie avue ngozi. Mdogo wangu alikuja jikoni macho yanawaka.

“Dada, tumeliona jiwe. Wiki hii tu. Nikitoka hapa namjengea mama nyumba ya bati.”

“Mama hataki bati. Anakutaka wewe.”

“Dada, na wewe! Shemeji amekuambukiza woga.”

Nilimrushia mwiko. Ulimpita, akauokota, akaufuta kwenye suruali, akanirudishia kwa mikono miwili kwa adabu zote, huku anacheka. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Ungemwua, halafu ungemlilia.

Siku iliyofuata mume wangu alikuja jikoni akasimama pale kwenye dumu langu la mafuta ya pamba. Nilikuwa nimetoka nalo Shinyanga, yale mafuta mazito yanayokamuliwa kutoka kwenye mbegu za pamba, na nilikuwa nayapima kwa kijiko. Alikuwa ameyatumia kule kinuni kulainishia vyuma vidogo, alijua yanavyoteleza.

“Nipe hayo,” akasema. “Niyatie kwenye tangi.”

“Thubutu! Mashine inywe mafuta yangu, watu wale nini?”

Hakubishana. Aligeuka kuondoka, na mgongo wake ndio ulionishinda. Alikuwa amekonda. Nikamwita, nikalibeba dumu mwenyewe mpaka kwenye gogo, nikamkabidhi. Alichanganya kidogo kidogo kwenye ndoo ya yale mafuta meupe, akakoroga kwa fimbo, akamimina. Baada ya muda kile kijigongo kikapungua. Sikuamini masikio yangu. Ilikuwa kama mtu mwenye kikohozi amepewa asali.

Lakini ule moshi! Ukawa unanukia maandazi. Kambi nzima, kuanzia asubuhi, harufu ya maandazi yanayokaangwa. Wachimbaji wakatoka shimoni mate yanawadondoka, wakaja jikoni mbio, “Mama, leo umetukaangia nini?” Nikawapakulia maharage ya kuchemsha, meupe, yasiyo na hata tone la mafuta. Waliyatazama yale maharage, wakanitazama mimi, wakaitazama mashine. Mmoja akasema, kumbe humu kambini anayekula vizuri ni mashine peke yake. Tulicheka wote. Nashukuru Mungu kwamba tulicheka, kwa sababu dumu halikuwa na maisha marefu.

Likaisha. Mvua haikuisha. Mume wangu akajaribu oili chafu ya trekta iliyochujwa kwa kitambaa, nozeli zikaziba, akaacha. Kijigongo kikarudi, safari hii kikubwa. Usiku alilala chali macho wazi. Mimi nilisali sala zote nilizofundishwa, na nyingine nilizitunga.

Siku yenyewe ilikuwa adhuhuri. Mvua ilikuwa imepumzika, jua linachoma mvuke. Nilikuwa nasonga ugali. Mlio ukashuka, ukapanda, ukashuka tena, halafu ukakatika.

Sijui niliruka vipi lile gogo. Najua tu kwamba mwiko ulikuwa mkononi na ugali unadondoka. Mtu akapiga kelele, “Mwanamke, rudi!” Nikamwambia, “Rudi wewe!” Mume wangu na kijana mwingine walikuwa wameshika hendeli wanaizungusha, mishipa ya shingo imewatoka. Mashine ikatoa kimoshi cheupe, puf, basi. Wakazungusha tena. Puf. Vijana wa kamba walikuwa wanaanza kuvuta watu, mmoja mmoja, kwa roda, gurudumu la miti la kuzungushia kamba, lililolia kwa kila mzunguko.

“Pampu ya mafuta imechemka,” mume wangu alisema bila kunitazama. “Mafuta yamekuwa mepesi kama maji, yanavuja ndani kwa ndani.”

“Ipoozwe na nini?”

“Maji. Matambara ya maji.”

Nilikuwa nimejifunga khanga mbili juu ya gauni. Nikazivua zote, nikazitosa kwenye dimbwi, nikazizungushia ile pampu. Zilitoa mvuke, shaaa. Nikachota tena kwa sufuria, nikamwaga, nikachota, nikamwaga. Mtu wa kwanza akatoka shimoni, tope mpaka kwapani. Mwingine akatoka, maji yanamchuruzika kifuani. Nikauliza, mdogo wangu yuko wapi? Wakasema alikuwa ndani zaidi kuliko wote, kwa hiyo ni wa mwisho, ila ameshafika kwenye kamba, amejifunga. Nilimwaga maji, sikujua kama ni ya sufuria au ya macho. Kutoka kwenye kinywa cha lile shimo ilipanda sauti ya maji yanayojaza pipa.

“Sasa,” mume wangu akasema, na wakazungusha.

Ikawaka.

Ikakohoa, ikashika, pampu ya maji ikavuta, bomba likatapika tope. Watu wakapiga kelele za furaha. Mwenye duara, aliyekuwa amejiegemeza kwenye mti tangu izime, akaja mbele. “Si niliwaambia? Si niliwaambia?” Mimi nikachuchumaa nikashukuru Mungu. Na hapo hapo, nikiwa bado nimechuchumaa, nikaisikia sauti ya mdogo wangu kutoka katikati ya shimo, akining'inia kwenye kamba.

“Imewaka? Basi niteremsheni! Kiroba cha mawe kimebaki!”

“Mteremsheni,” akasema mwenye duara. “Wote mjiandae kurudi.”

Roda ikaanza kuzunguka upande wa pili. Wale waliotoka, ambao dakika ile ile walikuwa wanatetemeka, wakaanza kukaza tochi zao vichwani. Mbele ya macho yangu, jamani! Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye mashine, anaisikiliza, na khanga zangu zilikuwa zimeshaanza kukauka juu ya pampu. Ka ka ka ka. Alipoinua uso, sikuhitaji kumwuliza. Alitikisa kichwa mara moja tu, polepole: haitadumu.

Kila mke wa fundi anajua mahali pa kuizimia mashine. Ni nondo fupi iliyokuwa ubavuni mwa mashine. Niliishika, ikaniunguza, nikaivuta mpaka mwisho.

Mlio ukakatika, na roda ikasimama yenyewe, maana vijana wa kamba walisahau kuzungusha. Mwenye duara akanitazama kama mtu aliyepigwa kofi.

“Washa!” akamwambia mume wangu. “Fundi, washa hiyo mashine!”

Mume wangu alikuwa bado ameshika hendeli. Aliitazama, akaniangalia mimi nilivyosimama na gauni limelowa, kiganja nimekikunja kifuani. Akailaza hendeli kwenye tope, taratibu.

“Haiwaki,” akasema. “Ikiwa moto hivi haiwaki. Mtoeni mtoto wa watu.”

Hata waliotaka kubishana hawakupata nafasi, kwa sababu maji yalisikika. Roda ikageuzwa. Mwenye duara alikuwa ameshaanza kutufukuza, mimi na mume wangu na ukoo wetu wote, anasema nimeua duara, nimevuka gogo na dhahabu imekimbia, kazi ya miezi nimeizamisha kwa mkono mmoja, na kweli nilikuwa nimeizamisha. Wachimbaji walinitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaelezea. Mimi nilikuwa natazama kamba tu. Ilikuja imelowa, urefu wa mtu, urefu wa mtu mwingine, halafu zikatokea nywele zenye tope.

Alianza kunitukana kabla miguu haijagusa ardhi. Alinitukana kwa Kiswahili, kikamwishia, akaingia Kisukuma. Aliniita mchawi. Aliniita adui wa mama yake. Alisema maneno ambayo mdogo hamwambii dada yake, huku analia, meno yanagongana kwa baridi, na mtu mmoja akajaribu kumziba mdomo.

Nikamwambia yule mtu amwache. Nilikaa pale pale kwenye tope, upande wa gogo ambao haukuwa wangu, nikamwambia mdogo wangu, “Endelea, baba, nakusikia.”